Imeili za nje haziingii kwenye seva ya ofisi: shida iko wapi?

Saa mbili na robo asubuhi simu inaita, dada wa uhasibu. "Kaka, tangu jana jioni sijapata hata imeili moja, na mteja ananiambia ameshatuma mara tatu." Kama unaangalia seva za ofisi za watu simu hii unaijua, na unajua pia kwamba ukikurupuka kurestati kila kitu hapo hapo unaweza ukaharibu zaidi.

Naongelea ile setapu ya ofisi ndogo: domeini na maboksi ya imeili yako kwa watu wa hostingi huko nje, halafu pale ofisini kuna seva inaenda kuzivuta kila baada ya dakika kadhaa na kumgawia kila mtu inboksi yake ya ndani. Mimi natumia Debian, fetchmail ya kuvuta, Postfix ya kupokea, Dovecot ya kusomea. Ofisi niliyojifunzia mengi ya humu ni ya mawakala wa forodha hapa Dar, watu nane, seva yenyewe ni desktopu kuukuu chini ya meza, intaneti ya rauta ya 4G. Waliitaka hivyo kwa sababu nyaraka zao ni PDF nzito na hawataki intaneti ikikata washindwe kusoma hata za jana.

Kabla hujagusa chochote elewa kwamba imeili inapita vipande vitatu. Kwanza kutoka hostingi mpaka kwa fetchmail (POP3 ya SSL porti 995, au IMAP porti 993; ni njia mbili za kuchukua imeili, POP3 kwa kawaida inashusha na kufuta kule, IMAP inaziacha kule). Pili fetchmail anaikabidhi kwa Postfix kwenye porti 25 ya mashine hiyo hiyo. Tatu Postfix anaiweka kwenye inboksi na Dovecot anamsomesha mtu wa Outlook. Watu wengi wakiona haziingii wanaivamia fetchmail, wakati fetchmail ni tarishi tu, na mjumbe hauawi. Jua kwanza imefia kipande kipi.

Na jambo la pili, ukiwa bado unahangaika weka `keep`, yaani imeili ibaki kule hostingi hata ikishavutwa. Bila hiyo fetchmail inafuta kule ikishakabidhi, kama Postfix ameipeleka pasipojulikana ndo imeenda. Konfigi ya kuanzia ninayotumia mimi:

```
set daemon 300
set postmaster "admin"
set softbounce

poll mail.mfano.co.tz proto pop3 uidl
  user "juma@mfano.co.tz" pass "paswedi-hapa" is "juma" here
  ssl sslcertck keep
```

Hiyo `softbounce` inasema Postfix akikataa imeili moja kwa moja basi iachwe kule kule isifutwe. Ukishatulia, siku mbili tatu hamna kilio, ndo unatoa `keep`, maana ukiisahau boksi la hostingi litajaa na wateja wataanza kurudishiwa imeili zao.

Hakuna kinachovutwa kabisa

Komandi ya kwanza ni hii, inahesabu tu haivuti kitu:

```
sudo -u fetchmail fetchmail -c -d0 -f /etc/fetchmailrc
```

Ikikujibu kitu kama `12 messages (3 seen) for juma at mail.mfano.co.tz` kipande cha kwanza ni kizima, ruka uende chini. Isipojibu hivyo ongeza `-vv` usome mistari ya mwisho mwisho, paswedi haitaonekana humo, inaweka nyota.

Ikikuambia faili `must be owned by you`, umeirun kama root wakati faili ni la yuza fetchmail. Kwenye Debian `/etc/fetchmailrc` liwe mali ya yuza fetchmail na chmod 0600, likiwa wazi kwa wengine inagoma kabisa, na ina haki, humo kuna paswedi za ofisi nzima. Na kwenye Debian na Ubuntu za miaka mingi kuna `/etc/default/fetchmail` yenye mstari `START_DAEMON=no`. Nimeshapoteza saa nzima kwa huo mstari, konfigi safi, paswedi safi, kumbe huduma yenyewe haijawahi kuwaka.

Ikisema `Temporary failure in name resolution` basi DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani za IP) haipo, angalia rauta. Lakini kuna shida moja ya DNS ambayo haitoi hata kosa, na hii ndo inayonikera kuliko zote. Seva ya ofisi mara nyingi ndo DNS ya ndani pia, na aliyeifunga ameipa zoni (orodha ya majina) ya `mfano.co.tz` yote, kwa hiyo ukiuliza `mail.mfano.co.tz` ukiwa ndani ya ofisi inakupa 192.168.1.10, yaani seva yenyewe. Fetchmail anaenda kujipigia hodi mwenyewe, Dovecot anamfungulia, anaonyeshwa inboksi ya ndani! Kama paswedi zinafanana anavuta imeili za Juma kutoka kwa Juma anampelekea Juma, tena na tena. Pima hivi:

```
getent hosts mail.mfano.co.tz
```

Ukiona anwani ya LAN, badilisha rekodi ya `mail` kwenye zoni ya ndani iende kwenye IP ya nje, au tumia jina halisi la seva ya hostingi ambalo haliko chini ya domeini yenu. Usisahau kuchungulia `/etc/hosts`, mtu aliyekutangulia huwa ameacha zawadi humo.

Inagonga mlango lakini inakataliwa

`Query status=3 (AUTHFAIL)`. Asilimia kubwa ni yuza kuandikwa `juma` wakati hostingi inataka anwani nzima `juma@mfano.co.tz`. Baada ya hapo ni paswedi yenye alama. Kwenye fetchmailrc alama za `,` `;` `:` na `=` zinakatisha neno, kwa hiyo paswedi `Bahari;2024` bila nukuu haisomwi nzima, na mkwaju wa kinyume unakula herufi inayofuata hata ukiweka nukuu. Weka nukuu kila mara, na mkwaju uuandike mara mbili.

Ukitaka kuwa na uhakika kwamba kosa si la fetchmail ingia kwa mkono:

```
openssl s_client -quiet -connect mail.mfano.co.tz:995
user juma@mfano.co.tz
pass paswedi-hapa
stat
quit
```

Hiyo `-quiet` usiiache. Bila hiyo openssl ikiona mstari unaanza na Q kubwa inakata, ukianza na R kubwa inadhani unataka kuanza upya makubaliano ya usimbaji, kwa hiyo ukiandika RETR 1 kwa herufi kubwa inakuchanganya ukaja kusema hostingi mbovu.

Kama hapo kwa mkono ilikubali juzi na leo inakataa, na hukubadilisha kitu, fikiria umefungiwa. Maboksi nane kila dakika moja kutoka IP moja, watu wa hostingi wanaona kama mtu anajaribu kuvunja mlango. Dakika tano, yaani 300, inatosha sana. Bosi akikuambia anataka papo kwa papo, mwekee IMAP na `idle` (fetchmail inakaa kwenye laini ikisubiri imeili mpya) kwa boksi lake peke yake, ila ujue fetchmail ikishakaa kwenye `idle` hapo haiendi kwingine, huyo anataka fetchmail yake pekee.

Kama boksi liko Google au Microsoft, hiyo ni hadithi nyingine. Google walizima ile ruhusa ya programu zisizo salama kwa akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022, sasa hivi lazima uwashe uthibitisho wa hatua mbili halafu utengeneze paswedi ya programu, ya herufi 16, hiyo ndo unaiweka kwenye fetchmailrc. Microsoft ndo wagumu zaidi, Exchange Online walianza kuondoa paswedi za kawaida kwenye POP na IMAP tarehe 1 Oktoba 2022, wanataka OAuth2 (kuingia kwa tokeni badala ya paswedi), na Outlook.com za kawaida wakafuata Septemba 2024. Kwa hao paswedi sahihi itakataliwa na hutaelewa kwa nini. Njia iliyonifaa ni kuweka ile programu ya email-oauth2-proxy katikati, fetchmail anaongea nayo kwa paswedi, yenyewe inaongea na Microsoft kwa tokeni.

Kelele za cheti

Kuna tatu na kila moja ina dawa yake. `Server CommonName mismatch` maana yake unaita `mail.mfano.co.tz` lakini cheti cha hostingi kimeandikwa jina la seva yao, tumia jina lao hilo kwenye `poll`, basi. `unable to get local issuer certificate` mara nyingi ni seva yako iliyozeeka, orodha ya vyeti vya mizizi haijaapdetiwa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha zamani cha DST Root CA X3 kiliisha muda na seva kibao za zamani zikaacha kuamini vyeti vya Let's Encrypt ghafla, ingawa vyenyewe vilikuwa vizima. Apdeti `ca-certificates`, na kama OpenSSL yako ni ya kizazi cha 1.0 ni wakati wa kuipumzisha hiyo mashine.

Ya tatu ni `certificate is not yet valid`, cheti bado hakijaanza kutumika. Hii ilinitokea pale kwa mawakala wa forodha. Umeme ulikatika usiku, UPS ikaisha, asubuhi seva imewaka yenyewe, kila kitu kinaonekana kizima, LAN ipo, intaneti ipo, imeili hakuna. Nikaandika `date`. 1 Januari 2009. Betri ya saa kwenye ubao, ile ya kitufe CR2032, ilikuwa imekufa, kila umeme ukikata seva inarudi utotoni. Na huduma ya kusahihisha saa ilikuwa imezimwa na mtu, ndo maana haikujirekebisha. Nikawasha kwa `timedatectl set-ntp true`, nikamtuma kijana akanunue betri, imeili zikaanza kumiminika kabla hajarudi. Kwa hiyo siku hizi nikisikia neno cheti, naanza na `date`.

Mtu atakushauri utoe ukaguzi wa cheti, uandike `no sslcertck`. Itafanya kazi kweli. Na paswedi za ofisi nzima utakuwa unamkabidhi yeyote anayejifanya seva yenu, sikushauri.

Ndogo zinaingia, kubwa zinakwama

Soma logi imekwama wapi. Ikiwa `timeout after 300 seconds waiting for server` katikati ya imeili kubwa, na ndogo zinapita vizuri, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja kwenye laini), hasa kama laini ni ya PPPoE. Jaribu `ping -M do -s 1472` kwenda nje, ikigoma shuka mpaka 1464, ikipita hapo MTU yako ni 1492, rekebisha kwenye rauta.

Ikiwa ni `552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit`, huyo ni Postfix wako mwenyewe. Kiwango chake cha kawaida ni baiti 10240000, MB 10 hivi, na kiambatisho kikisafiri kwenye imeili kinanenepa kama theluthi moja, kwa hiyo PDF ya MB 8 inagonga dari.

```
postconf -e message_size_limit=41943040
postconf -e mailbox_size_limit=0
systemctl reload postfix
```

Ule mstari wa pili uweke pia, mailbox_size_limit ya kawaida ni kama MB 50 na kama inboksi zako ni faili moja kubwa kwa kila mtu itajaa wiki ya kwanza.

Imeili zile zile zinarudi mara nne tano

Hii ni tajiri kwa sababu chanzo chake si kimoja.

Kwa intaneti zetu cha kwanza ni laini kukata katikati. POP3 ina tabia moja, ukiiambia futa inaandika tu pembeni, inafuta kweli pale unapoaga kwa QUIT. Sasa fetchmail amevuta imeili 40, kila moja ameshamkabidhi Postfix, ya 41 ina kiambatisho kikubwa, laini inakata, hajaaga. Hostingi inasema hujaniaga basi sifuti. Raundi inayofuata zote 40 zinashuka tena, na inakata tena pale pale. Nimeona bando la mwezi likiisha siku mbili kwa mchezo huu. Dawa ni `expunge 5` kwenye mstari wa yuza, hapo fetchmail anaaga kila baada ya imeili tano na kuingia upya, laini ikikata unarudia tano tu. Ongeza na `fetchlimit 30` ili raundi moja isibebe mlima.

Chanzo cha pili ni wewe mwenyewe. Ukiwa na `keep` na `uidl` (kitambulisho cha pekee cha kila imeili), fetchmail anakumbuka alizokwisha chukua kwenye kifaili. Huduma ya Debian inatumia `/var/lib/fetchmail/.fetchmail-UIDL-cache`, lakini ukiirun kwa mkono inatafuta `.fetchids` kwenye homu ya yuza, haikuti, inaanza moja. Watu nane wakapata imeili zao za miezi mitatu upya zote saa nne asubuhi, ndo nikajua. Ukijaribu kwa mkono tumia `-c`, au weka `-i` na njia ya kifaili kile kile.

Na ukiona `can't accept options while a background fetchmail is running` ujue kuna nyingine inarun nyuma, izime kwanza. `[IN-USE] Unable to lock maildrop` ni tofauti, hapo kuna mtu mwingine ameshika boksi lile lile kule hostingi, subiri dakika kadhaa au umtafute.

Logi inasema imevutwa, Outlook haina kitu

Hapa kipande cha kwanza kimeisha salama, fungua `/var/log/mail.log` uangalie Postfix.

`Connection refused` kwenye localhost: Postfix amelala, au anasikiliza 127.0.0.1 tu na fetchmail amejaribu ::1 kwanza. Ile ya ::1 ikifuatiwa na mafanikio kwenye 127.0.0.1 ipuuze.

`User unknown in local recipient table`: jina baada ya `is` halipo kwenye seva, mara nyingi ni herufi imekosewa. Ila kuna sura yake nyingine, mfanyakazi wa tawi la Mwanza ambaye boksi lake liko hostingi tu, wenzake wa Dar wakimwandikia inarudi. Hiyo ni kwa sababu `mfano.co.tz` iko kwenye `mydestination` na Postfix anajiona ndo mwenye domeini yote. Itoe humo, ya Mwanza itaenda nje kama imeili nyingine.

`status=sent (delivered to mailbox)` na bado hamna kitu: Postfix anaweka `/var/mail/juma`, Dovecot anasoma `~/Maildir`. Kila mtu anafanya kazi yake vizuri, nyumba tofauti. Weka `home_mailbox = Maildir/` kwa Postfix na hakikisha Dovecot anaangalia hapo hapo. Maelekezo mengi ya zamani yanasema `mail_location`, kama una Dovecot 2.4 imebadilika, ni `mail_driver` na `mail_path`.

Na hii mbaya zaidi: `mail forwarding loop for juma@mfano.co.tz`. Hostingi yenu kama nayo inatumia Postfix ilishagonga muhuri wa `Delivered-To: juma@mfano.co.tz` kwenye imeili. Wewe ukaandika `is "juma@mfano.co.tz" here`, Postfix wa ofisini anaona muhuri wa anwani ile ile anasema hii nilishaipeleka, inazunguka, anairudisha kwa mtumaji. Yaani mteja anarudishiwa imeili yake na maneno ya kutisha ya Kiingereza wakati ofisini hamjui hata kama aliandika. Ongeza `dropdelivered`, au andika `is "juma" here` bila domeini.

Imeili za huyu zinaenda kwa yule

Hii inawapata wale wanaolipia boksi moja tu hostingi, linakusanya za domeini nzima, halafu fetchmail agawe. Shida ni kwamba ukiacha hivi hivi mara nyingi anaishia kugawa kwa kusoma To na Cc, na aliyewekwa Bcc haonekani humo, imeili yake inaangukia kwa postmaster. Za makundi ndo vurugu kabisa. Fungua imeili moja uangalie vichwa vyake: hostingi za cPanel zinatumia Exim (programu ya barua kama Postfix) na huacha `Envelope-to:`, za Postfix huacha `X-Original-To:` au `Delivered-To:`. Hicho ndo unamwambia fetchmail asome, mfano `envelope "Envelope-to"`. Kama hakuna hata kimoja, usigawe kwa kubahatisha, waambie walipie maboksi, maana siku barua ya mshahara wa mtu ikienda kwa mwenzake hutaweza kujitetea kwa vichwa vya imeili.

Zinapungua bila kosa lolote

Logi safi, `-c` inasema hakuna kitu, na mteja anaapa ametuma. Uliza nani ana boksi hilo kwenye simu. Yule dada wa uhasibu wa mwanzo, seva yake ilikuwa nzima kabisa. Mume wake alimsaidia kuweka imeili ya ofisi kwenye simu mpya jana yake jioni, akachagua POP3 badala ya IMAP, na simu ilikuwa inafuta kule hostingi kila ikivuta. Imeili zote tatu za mteja zilikuwa kwenye mkoba wake.